Lori, baiskeli na sentimita 75

Uso wa Ziwa Tanganyika pale Kipili uko karibu mita 773 juu ya usawa wa bahari. Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, iko kwenye mita kama 1,800. Kati ya gati na nyanda za juu za Ufipa kuna kimo cha mita 1,000 hivi, na mchuuzi anayekipanda na dagaa wakavu au migebuka kwenye keria ya baiskeli ya Phoenix hutumia miguu yake mwenyewe. Anapanda njia ileile ya Fuso, Noah na mabasi. Humo ndimo ugomvi unamozaliwa: honi ndefu mgongoni, tusi kutoka dirishani, kokoto zinazorushwa na tairi, na mtu anayelazimika kujitupa majanini na mzigo wake.

Kila upande una maelezo yake. Dereva atakwambia watu wa baiskeli hawasikii honi na wanayumba kama walevi. Mwenye baiskeli atakwambia mwenye gari haoni mtu, anaona kizuizi. Ukiwasikiliza wote wawili utadhani shida ni malezi. Mimi nashauri tuanze na futi ya fundi, tufuate na kikokotoo, matusi tuyarudie baadaye.

Barabara nyingi za lami za kuunganisha wilaya na mikoa huwa na upana wa mita 6.5 hadi 7 kwa pande zote mbili. Chukua 6.5: kila upande unabaki na mita 3.25. Lori la kawaida lina mita 2.5 bila vioo vya pembeni, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu gari kufika mita 2.65. Toa 2.5 kwenye 3.25, zinabaki sentimita 75. Sasa mweke mtu wa baiskeli. Usukani una sentimita 60, lakini gunia la mkaa au tenga la samaki likifungwa kwa mipira nyuma, upana unafika mita moja bila shida. Mtu huyo hawezi kukanyaga ukingoni kabisa, maana lami humo imemegeka, kwa hiyo anaacha sentimita 30. Jumla mita 1.3. Ndani ya nafasi ya sentimita 75 mita 1.3 haiingii, hata madereva wote wangekuwa wapole kama mashemasi.

Nchi kadhaa za Ulaya zimeandika kwenye sheria kwamba gari likipita baiskeli liache mita 1.5. Ujerumani inataka hiyo 1.5 mjini na mita 2 nje ya mji. Ukiiweka mita 1.5 kwenye hesabu yetu, lori linahitaji mita 5.3 kutoka ukingoni, yaani livuke mstari wa katikati kwa mita mbili. Kumpita mchuuzi wa dagaa kwa usalama ni sawa na kulipita gari: unasubiri upande wa pili uwe mtupu. Kwenye kona za kushuka ziwani, kusubiri huko kunaweza kuwa kurefu.

Dereva hapendi kusubiri, na tusimwonee, maana kusubiri kuna bei. Lori la tani 10 likishuka kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 15 nyuma ya baiskeli, kisha likarudi 80, limepoteza nishati ya mwendo ya jouli milioni 2.4 hivi. Nishati hiyo imeishia kwenye breki kama joto, na injini inapaswa kuizalisha upya. Lita moja ya dizeli ina jouli milioni 36, lakini injini hupeleka kwenye magurudumu kama asilimia 35 tu. Gawanya utapata lita 0.19. Tukichukua dizeli shilingi 3,000 kwa lita kurahisisha hesabu, subira moja inamgharimu mwenye lori shilingi 570. Semi-trela lenye tani 56, ambazo ndizo kikomo cha Jumuiya, hupoteza zaidi ya lita moja, karibu shilingi 3,200 kila linapomheshimu mtu mmoja wa baiskeli.

Ndiyo maana semi-trela halipunguzi mwendo. Utingo wake hajui fomula yoyote, lakini anajua tangi lilikuwa na nini asubuhi na bosi atauliza nini jioni.

Upande wa pili nao una matumizi yake. Mtu wa kilo 60, baiskeli ya kilo 20 na mzigo wa kilo 40 ni kilo 120. Kuziinua mita 1,000 kunahitaji jouli milioni 1.18, ukiacha msuguano, vumbi na vile vilima vinavyokupandisha kisha vikakushusha bure. Hiyo ni nusu ya nishati ambayo lori la tani 10 limeimwaga kwa kupunguza mwendo mara moja. Misuli ya binadamu hugeuza kama asilimia 22 ya chakula kuwa kazi, hivyo kupanda kote kunakula kalori 1,280 hivi, sawa na gramu 360 za unga wa mahindi. Kwa kilo ya shilingi 1,500, ni shilingi 540 za sembe. Breki moja ya lori na mlima mzima wa mchuuzi vinakaribiana kwa shilingi.

Kwa muda havikaribiani hata kidogo. Mtu mwenye nguvu za wastani hutoa wati 75 akifanya kazi ya kutwa, na kwa kasi hiyo kuinua mzigo ule ni karibu saa nne na nusu za kupanda tupu. Lori linapoteza sekunde 20 kwa kumsubiri. Katika safari ya kilomita 100, ambayo kwa mwendo wa 80 huchukua dakika 75, dereva akilazimika kusubiri baiskeli mara kumi atachelewa dakika tatu na sekunde 20. Kusimama njiani kununua mahindi ya kuchoma huchukua zaidi ya hapo.

Kushuka nako ni mtihani wake. Jouli zile milioni 1.18 ambazo mtu alizipanda nazo, akirudi na mzigo wa uzito huohuo hana budi kuzitoa, na Phoenix ya breki za vyuma huzitoa kupitia vipande vinne vya mpira vinavyobana rimu. Mvua ikinyesha mpira unateleza. Utamwona mtu anakandamiza tairi la nyuma kwa soli ya kandambili, mguu umenyooka, macho kwenye kona. Mtu wa namna hiyo hawezi kupisha ghafla kwa sababu ya honi. Dereva anayepiga honi mita kumi nyuma yake anamwomba jambo lisilowezekana.

Tuseme lori liko mita 100 nyuma na linakwenda 80, baiskeli inakwenda 15. Tofauti ni kilomita 65 kwa saa, mita 18 kila sekunde. Mwenye baiskeli ana sekunde tano na nusu za kusikia, kuamua, na kutoka kwenye lami bila kuanguka. Naye dereva akishtuka, huchukua sekunde moja na nusu kabla mguu haujakandamiza breki. Kwa mwendo wa 80 huko ni kusafiri mita 33 bila kupunguza chochote, kisha mita 49 za kusimama kwenye lami kavu na breki nzima. Jumla mita 82. Kwa 50 jumla ni mita 40. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka namba hizohizo mbili: 50 ndani ya makazi kwa magari yote, na 80 nje ya makazi kwa mabasi na magari ya mizigo makubwa. Shirika la Afya Duniani linasema mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali inayoua hupanda kwa asilimia 4.

Lami imebadilisha mambo Ufipa. Kutoka Tunduma hadi Sumbawanga ni kilomita 223, zilizojengwa kwa msaada wa Marekani kupitia mkataba wa shirika lake la misaada la MCC uliosainiwa mwaka 2008. Kutoka Sumbawanga kupitia Matai hadi bandari ya Kasanga ni kilomita 107 nyingine. Njia ambazo mashimo yake yalikuwa ndiyo matuta yake, sasa zinabeba mwendo wa 80 na zaidi. Baiskeli imebaki na 15 yake ileile. Watu nao wameongezeka: sensa ya 2012 ilihesabu Rukwa watu 1,004,539, ya 2022 ikahesabu 1,540,519.

Hoja moja ya madereva inahitaji kujibiwa kwa ukali kidogo, ile ya kwamba mwenye baiskeli halipi kodi ya barabara. Mwenye gari naye hailipi kwa mwaka. Ada ile ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo anayelipa ni anayechoma mafuta, na samaki aliyesafirishwa kwa lori ameshalipiwa na mlaji wa ugali. Halafu kuna suala la nani anaiharibu lami. Majaribio ya barabara yaliyofanywa Illinois, Marekani, kuanzia mwaka 1958 yalionyesha kwamba uharibifu hukua kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 10 ukiilinganisha na gurudumu la baiskeli lenye kilo 60, uwiano ni 167 mara yenyewe mara nne: zaidi ya milioni 770. Wachuuzi wote wa Kipili, Kirando na Namanyere wakipita na kurudi hadi wazeeke, hawafikii uharibifu wa lori moja linalopita mara moja.

Faini nayo ina hesabu yake. Kosa la barabarani kwa gari ni shilingi 30,000. Kwa bodaboda na bajaji ilishushwa hadi 10,000 mwaka 2021. Mwenye semi-trela anayeokoa 3,200 kwa kila baiskeli anayoisukuma nje ya lami, akiwasukuma kumi ameshaifidia faini, kama kuna trafiki aliyemwona. Na trafiki husimama penye kizuizi, ambapo kila mtu ana adabu.

Tukiacha shilingi, kuna wanaokufa. Katika salamu za kuukaribisha mwaka 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitaja ajali 1,735 na vifo 1,715 kwa mwaka 2024. Takwimu za polisi huhesabu zilizofika polisi. Kwa mwaka 2016 Tanzania iliripoti vifo 3,256, na Shirika la Afya Duniani likakadiria 16,252, mara tano. Duniani kote barabara ziliua watu milioni 1.19 mwaka 2021, asilimia 6 wakiwa juu ya baiskeli, yaani watu zaidi ya 71,000.

Waendesha baiskeli hawajakaa kimya. Dar es Salaam kuna chama chao, UWABA, ambacho wanachama wake kwa miaka wamekuwa wakiandamana na baiskeli zao kudai njia. Mradi wa mabasi ya mwendokasi ulipoanza Barabara ya Morogoro mwaka 2016 ulikuja na njia za baiskeli, na bodaboda na meza za wachuuzi wakazikaribisha haraka. Goma, ng'ambo huko Kongo, walimjengea mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, sanamu ya dhahabu-dhahabu katikati ya mji mwaka 2009. Njia ya chukudu hawakujenga.

Na watu wa baiskeli wana makosa yao. Kutembea wawili sambamba mkipiga soga kwenye kona ni kosa. Kutembea usiku bila taa wala kipande cha kuakisi mwanga ni kosa kubwa zaidi, na kipande hicho ni bei ya soda.

Dawa yenyewe inaitwa bega la barabara: mita 1.5 za lami kila upande, zikiwa usawa mmoja na barabara, bila ule ukingo unaokata tairi. Kilomita moja ya lami nchini huzidi shilingi bilioni moja. Tukadirie mabega yaongeze moja ya tano, milioni 200 kwa kilomita. Kwenye njia ya kilomita 100 hayahitajiki kote. Baiskeli hukusanyika karibu na vijiji, minada, mashine za kusaga na kwenye miinuko. Tuseme kilomita 20, shilingi bilioni 4. Malori mia kwa siku, kila moja likiokoa breki kumi za shilingi 570, ni 570,000 kwa siku, milioni 208 kwa mwaka. Dizeli peke yake inarudisha gharama kwa miaka 19, na barabara husanifiwa kudumu kama miaka 20. Hapo hatujahesabu mguu hata mmoja uliovunjika, wala gunia la dagaa lililomwagika. Anayefaidi bega la barabara kwa fedha taslimu ni mwenye lori kuliko mwenye baiskeli, na ajabu ni kwamba sijawahi kuona chama cha wenye malori kikilidai.

Wahandisi wa TANROADS na TARURA wanaochora njia za kuteremka ziwani, wawekeni watu wa baiskeli kwenye mchoro tangu karatasi ya kwanza, maana kuongeza bega baada ya mitaro kujengwa ni ghali mara nyingi zaidi. Nanyi madereva, mpaka hapo bega litakapopatikana, mnadaiwa sekunde 20 kwa kila baiskeli.