Mtambo wa Kutafutia Samaki na Namna ya Kuusoma

Msimu wa karafuu ukisha, wanachama wengi hurudi baharini, na baadhi yao wamefunga katika mashua zao mtambo wa kutafutia samaki. Una manufaa makubwa, lakini asiyejua kuusoma aweza kupanda mwamba huku akitazama kioo.

Zamani nahodha alitupa bildi apate kujua kina. Mtambo huu hutupa sauti badala ya risasi. Kifaa kilichofungwa chini ya mashua hutoa mlio usiosikika kwa sikio la mtu. Mlio hugonga chini, na mwangwi wake hurudi. Katika maji ya bahari sauti hukimbia mita 1,500 hivi kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu 4 katika 100 za sekunde, sauti imekwenda na kurudi mita 60. Basi kina ni mita 30. Ndugu wa ukoo wa Furuno, huko Nagasaki, Japani, waliutengenezea wavuvi mtambo wa namna hii mwaka 1948.

Mwamba hurudisha mwangwi wa nguvu. Mara nyingi huonekana na mstari wa pili, katika kina mara mbili, kwa kuwa sauti imerudi juu, ikagonga uso wa maji, ikashuka tena. Tope hunywa sauti, na mwangwi wake ni hafifu. Samaki wengi huonekana kwa sababu ya kibofu cha hewa kilichomo tumboni. Papa hana kibofu hicho, kwa hiyo alama yake yaweza kuwa ndogo kuliko mwili wake.

Mambo mawili yakumbukwe. Kwanza, sauti hutanuka kama mwanga wa kurunzi. Ikitanuka kwa nyuzi 20, katika kina cha mita 30 huenea upana wa mita 10 hivi. Basi kitu kilichoonyeshwa huenda kiko ubavuni.

Pili, ukingo wa kulia wa kioo ndio sasa; yote yaliyo kushoto mmekwisha kuyapita. Mwamba ulio mbele haumo kiooni. Nayo mashua iendayo maili 6 za bahari kwa saa hukata mita 30 kwa sekunde 10 tu.

Kwa hiyo, ndugu mwanachama, ukikaribia miamba punguza mwendo, na umweke mtu omoni aitazame rangi ya maji.