Kosa la Jinai ni Nini, na Nani Huwajibika?

Mshukiwa wa wizi akishikwa sokoni na watu wakaanza kumpiga, nani amevunja sheria? Wengi watamtaja mshukiwa peke yake. Kisheria, kila aliyerusha jiwe, na hata aliyesimama kando akihimiza wengine wapige, anaweza kujikuta kizimbani kwa kosa zito kuliko wizi wenyewe. Ndiyo maana ni muhimu kila mkazi aelewe misingi ya sheria ya jinai.

Jinai na madai

Kosa la jinai ni tendo, au kukosa kutenda jambo, ambalo sheria imelikataza na kuliwekea adhabu. Makosa mengi yamo katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63 ya Sheria za Kenya. Mengine yamo katika sheria mahususi kama ile ya trafiki, na katika sheria zinazopitishwa na bunge la kaunti.

Kesi ya jinai huendeshwa kwa niaba ya umma, kwa kawaida na Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kesi ya madai ni kati ya watu wenyewe. Jirani aliyekopa Sh5,000 akashindwa kulipa hajatenda jinai kwa kushindwa tu. Anayemdai anaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni. Lakini iwapo fedha hizo zilipatikana kwa hila, kwa mfano kwa kuonyesha hati bandia ya shamba, hapo jinai imeingia.

Tendo na nia

Kwa makosa mengi, upande wa mashtaka lazima uthibitishe mambo mawili: kwamba mshtakiwa alitenda jambo lililokatazwa, na kwamba alikuwa na nia au ufahamu unaotajwa na sheria. Mfugaji aliyeondoka mnadani na mbuzi wa mwenzake akiamini kwa dhati na kwa sababu ya maana kwamba ni wake, hajaiba. Aliyejua si wake akamchukua, ameiba, na adhabu ya wizi wa mifugo inaweza kufika kifungo cha miaka 14.

Nia si sawa na sababu iliyomsukuma mtu. Aliyeiba unga kwa ajili ya njaa bado ameiba, ingawa mahakama inaweza kuzingatia hali yake inapotoa adhabu.

Vivyo hivyo, anayenunua simu kwa bei ya kutupa kutoka kwa mtu asiyemjua, gizani, bila risiti, ajihadhari. Kupokea mali ya wizi ni kosa iwapo mtu alijua, au alikuwa na sababu ya kuamini, kwamba mali hiyo imeibwa. Kosa hilo pia lina adhabu ya hadi miaka 14.

Kutojua sheria hakumwondolei mtu lawama. Ulevi pia kwa kawaida si kinga, isipokuwa katika hali chache, kama vile mtu aliyeleweshwa na mwingine bila ridhaa yake hata asijue anachofanya.

Watoto

Sheria ya Watoto ya 2022 inasema mtoto aliye chini ya miaka 12 hawezi kuwajibishwa kwa jinai. Aliye chini ya miaka 14 huchukuliwa kuwa hawezi kutofautisha mema na mabaya, mpaka mahakama iridhishwe vinginevyo kwa ushahidi.

Umati nao huwajibika

Watu wengi hudhani umati hauna jina, kwa hivyo hauwezi kushtakiwa. Kifungu cha 20 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu anayesaidia au kuchochea kosa kuwa mkosaji sawa na aliyelitenda. Kifungu cha 21 kinaongeza kwamba watu waliokuwa na lengo moja lisilo halali wote huwajibika kwa kosa lililotokana na lengo hilo, ikiwa lilikuwa tokeo la kutarajiwa. Aliyeleta tairi au petroli hawezi kujitetea kwamba si yeye aliyewasha kiberiti.

Mshukiwa akifa, shtaka linaweza kuwa mauaji, hata kama waliompiga watasema walitaka kumfunza adabu tu. Kukusudia kumjeruhi mtu vibaya kunatosha kuthibitisha nia ya mauaji. Na ikibainika baadaye kwamba aliyepigwa hakuwa mwizi, hakuna wa kumrudisha.

Njia halali ipo. Mwananchi anaweza kumkamata mtu anayemwona akitenda kosa ambalo polisi wanaruhusiwa kumkamata bila kibali, au anayemshuku kwa sababu ya maana kuwa ametenda kosa kubwa. Lakini ni lazima amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa.

La kufanya

Piga simu 999 au 112, au fika kituo cha polisi kilicho karibu. Hakikisha ripoti yako imeandikwa na upewe nambari ya OB. Polisi na mahakama ziko chini ya serikali ya kitaifa, lakini chifu anaweza kukuelekeza.

Ukikamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Muda huo ukiisha nje ya saa za kazi za mahakama, utafikishwa siku ya kikao inayofuata. Kila mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Asiyemudu wakili anaweza kuomba usaidizi kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.