Maagizo ya Kazi Yamejaa Droo na Hakuna Mtu Anasoma? Cheki Venye OB ya Polisi Inaweza Kukufunza

Ukitaja Kiganjo ndani ya matatu yoyote Kenya hii, watu wanawaza kitu moja tu: makarao. Si makosa yao. Chuo cha polisi kiko hapo, chini ya Mlima Kenya, kwa ile baridi ya kufanya mtu aongee akitetemeka, na makurutu wakifuzu gwaride linaonyeshwa kwa TV nchi nzima. Hata mzee Kipchoge Keino enzi zake za mbio alikuwa askari mwalimu wa mazoezi hapo. Wenyeji watakukumbusha pia kuna kiwanda cha maziwa cha KCC, na maziwa tutayarudia, ju ndio yalifanya niandike hii stori.

Leo tunaongea makaratasi. Usihepe bado. Kama umeajiriwa, ama umeajiri hata msee mmoja wa kukuuzia duka, hii inakuhusu.

Fikiria kurutu. Ako miaka 19 hivi, matokeo ya KCSE ni D+ ama zaidi, ametoka kijijini na sanduku la mbao. Anaingia Kiganjo na anangojewa na Katiba ya 2010, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, na ile Kanuni za Kudumu, kitabu kinono cha kuamuru kila kitu, kuanzia sare hadi silaha. Vyote vimejaa lugha ya mawakili. Halafu siku moja, saa nane usiku, huyo kijana atakuwa amesimama mbele ya mtu mlevi mwenye panga na hatakuwa na nafasi ya kufungua ukurasa wowote. Chenye kitamsaidia ni kile kilibaki kwa kichwa.

Sasa jiulize, ni nini hubaki? Chukua Kifungu cha 49 cha Katiba, kile cha haki za mtu akikamatwa. Kinasema uambiwe sababu ya kukamatwa haraka, kwa lugha unaelewa. Kinasema pia ufikishwe kortini kabla ya masaa 24 kuisha. Uliza mtu wa boda yeyote pale steji ya Nyeri, hiyo ya 24 atakupea bila kufikiria. Hiyo ya "haraka" hakuna mtu anaitaja. Haraka ni dakika ngapi? Kila mtu ana haraka yake. Lakini 24 ni 24, hata askari mkorofi na mshukiwa mkorofi zaidi wanaisoma sawa. Kwa hivyo ukiandika agizo la kazi yako, toa maneno kama "kwa wakati ufaao" na "kiasi cha kutosha", weka nambari.

Ila kuna mtego hapo, na umechoma wengi. Hicho kifungu kina mkia: kama hayo masaa 24 yanaisha nje ya saa za korti, ama siku korti haikai, unangoja hadi siku ya korti inayofuata. Ndio maana ukibebwa Ijumaa jioni unaweza lala ndani hadi Jumatatu na kisheria isemekane ni sawa. Kamata kamata ya Ijumaa haikuanza jana. Watu walifupisha sheria wakabaki na nambari, wakaangusha mkia. Kufupisha ni poa, lakini ukikata, hakikisha hukukata ile sehemu mtu ataihitaji siku mambo ni mbaya.

Halafu kuna OB. Hiki kitabu cha matukio kilicho kwa meza ya kila stesheni mimi nakiheshimu kuliko programu nyingi za ofisi, hata kama waandishi wake wengine wana mwandiko wa daktari. Tukio linapewa nambari yake, tarehe, saa, na nini kilitokea. Linalofuata linapata nambari inayofuata. Basi. Umahiri wake uko hapo kwa nambari: zinafuatana, kwa hivyo mtu hawezi kuchomeka stori ya jana katikati ya leo, ama achomoe ukurasa, bila pengo kuonekana. Hakuna mtu alihitaji semina ya siku tatu Naivasha ndio aelewe. Na wewe raia, ukiripoti simu imeibwa ama umepigwa, usitoke hapo bila hiyo nambari. Ukirudi mwezi ujao na huna nambari, unaanza kueleza upya kwa askari mwingine ambaye hakukuona.

P3 nayo iko hivyo hivyo. Polisi anajaza sehemu yake kwanza, ndio daktari ajaze yake. Kila mtu na kipande chake, kwa mpangilio ule kazi yenyewe inafuata. Shika hilo neno mpangilio, ju hapo ndipo maziwa yanaingia.

Kitambo kidogo nilifanya kazi mahali pa kukusanya maziwa, upande wetu huu wa mlima. Jina sitaji. Wakulima wanaleta na mitungi alfajiri, tunapokea, tunapima, tunamwaga kwa tangi la kupoza. Kulikuwa na maagizo rasmi: kurasa 11 kwa Kiingereza, yameandikwa na mtu wa Nairobi ambaye nina uhakika hajawahi kubeba mtungi. Yalikaa kwa droo ya menija na yalitoka tu wakati wakaguzi wanakuja.

Asubuhi moja kijana mgeni, wiki yake ya pili, alimwaga mtungi uliokuwa umeanza kuchacha ndani ya tangi karibu lijae. Maziwa hayasamehe. Mtungi mmoja mbaya unaharibu tangi mzima. Hasara ikawa kubwa, na kijana akafutwa siku hiyo hiyo kwa "kutofuata taratibu".

Mimi ni mtu wa kiherehere, nikaomba hizo taratibu nizisome. Maze. Ukurasa wa nne ulieleza venye unamwaga maziwa kwa tangi. Kupima kabla ya kumwaga kulikuwa ukurasa wa saba, chini ya kichwa cha "udhibiti wa ubora". Yaani hata kama huyo kijana angesoma kwa bidii na kufuata neno kwa neno, angemwaga kwanza. Na sentensi yenyewe ya kupima, ukiiweka kwa Kiswahili, ilikuwa hivi: "Inapaswa kuhakikishwa kwamba maziwa yote yamefanyiwa vipimo stahiki kabla ya kuhifadhiwa." Nani ahakikishe? Vipimo gani? Vikifeli je? Hiyo sentensi inamlinda aliyeandika. Anayeshika mtungi haimsaidii na kitu.

Tuliandika upya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, tukaubandika ukutani juu ya mahali mitungi inatua:

Fungua mtungi, nusa. Harufu mbaya, weka kando.
Changanya maziwa na spiriti ya kupimia, kiasi sawa kwa sawa. Yakiganda, kataa mtungi.
Tumbukiza laktomita usome. Iko chini ya alama nyekundu, maziwa yana maji, kataa.
Yamepita yote matatu? Pima uzito, andika, mwaga kwa tangi.
Una shaka? Usimwage. Ita menija, hata kama amelala.

Huo mstari wa mwisho ulileta kelele, ni menija ndiye hakuupenda. Lakini ndio ule nilipigania zaidi. Mtu mgeni haogopi kazi, anaogopa kuuliza. Ukimwandikia kabisa kwamba kuuliza ni sehemu ya kazi, atauliza.

Na usijidanganye ati karatasi moja ni mambo ya vibanda. Mwaka wa 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya upasuaji yenye vitu 19 tu kwa hospitali nane duniani, na moja ilikuwa Ifakara, Tanzania. Vitu vya kawaida kabisa: thibitisha ni mgonjwa yupi, ni upande gani unapasuliwa, hesabu pamba na vifaa kabla ya kumaliza. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Hao ni madaktari wamesoma miaka na miaka, na bado karatasi iliwasaidia kukumbuka.

Zile kurasa 11 hatukuzichoma. Wakaguzi wanazihitaji, na kuna mambo ya mashine hayaenei ukutani. Lakini tulizipanga upya zifuate karatasi ya ukutani, ju zikipingana siku ya ngori, bosi atachagua ile inamfaa.

Kuijaribu tulifanya hivi, na nakushauri ufanye hata kesho kwa duka lako. Chukua mtu hajawahi kufanya hiyo kazi, mpe karatasi, halafu nyamaza. Hiyo ya kunyamaza ni ngumu kuliko kuandika. Penye atasimama akutazame, hapo ndipo maandishi yako yamekufa. Wetu alisimama kwa laktomita: hakujua unasoma ukiwa umeinama, macho yako sawa na uso wa maziwa. Tukaongeza kamchoro. Weka tarehe chini pia, na siku ukibadilisha kitu, toa ile ya zamani kabisa. Nimeona ukuta una maagizo matatu ya kazi moja, na kila mtu anafuata lile alipata akiingia.

Yule kijana hakurudishwa kazini. Nilimpata mwaka uliofuata soko la Karatina akiuza viazi, nikamwonyesha picha ya hiyo karatasi kwa simu. Akaisoma yote, akacheka kidogo, akaniuliza, "Sasa hii ingewashinda nini kunipatia siku ya kwanza?"