Likasi: Linux ni ya bure, lakini mega zinaisha kwa kompyuta isiyoipokea

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Kwa wenye kompyuta za zamani mjini Likasi, jimbo la Haut-Katanga, Linux ni njia iliyobaki, tena ya bure. Bure kwa maneno tu: faili la Ubuntu 24.04 linakaribia gigabaiti 6, na mega zinanunuliwa.

Anayeliweka kwenye flashi na kuwasha mashine ya biti 32 anapata mstari wa Kiingereza tu: programu inataka prosesa ya x86-64, imekuta i686. Wengi hudhani flashi imeharibika na kupakua tena. Flashi ni nzima. Ubuntu iliacha kutengeneza faili la kompyuta za biti 32 mwaka 2017. Debian, iliyokuwa kimbilio, ilifunga mlango huo kwa toleo la 13, Agosti 2025. Toleo la 12 bado linazipokea.

Jibu linapatikana kabla ya kutumia hata franka moja. Kwenye Windows ya Kifaransa, fungua «Paramètres», kisha «Système», utafute humo palipoandikwa «Type du système». Pakiandikwa «processeur x64», Linux mpya inaweza kuingia, hata kama Windows yenyewe ni ya biti 32.

Halafu kuna umeme, na wa Likasi unajulikana. Ukikatika wakati diski inagawanywa, na batri ya mashine imekufa, picha na hesabu za duka zinaweza kupotea. Zinakiliwe kwanza kwenye flashi nyingine.