Ukusanyaji wa Magazeti ya Kale Yenye Habari za Vita: Mfano wa Mkwiro

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini idara za lugha hazina budi kukusanya magazeti halisi ya Kiswahili ya enzi ya ukoloni, hasa yale yenye habari za vita, na jinsi kazi hiyo iwezavyo kufanywa katika kijiji kama Mkwiro, upande wa mashariki wa kisiwa cha Wasini, Kwale. Hoja yetu ni kwamba gazeti la vita ni ushahidi wa lugha iliyochapwa na pia wa lugha iliyosikiwa. Akusanyaye karatasi pekee hupoteza nusu ya ushahidi huo.

2. Vita na magazeti yake

Pwani ya kusini haikupata Vita Kuu ya Kwanza kwa kusimuliwa tu. Oktoba 1914 majeshi ya Wajerumani yalishambulia Gazi, na Januari 1915 palipiganwa vikali Jasini, ng'ambo ya mpaka karibu na Vanga. Wakati huo gazeti la Kiongozi lilichapishwa Tanga chini ya serikali ya Kijerumani. Lilikoma 1916, mwaka ambao Waingereza waliutwaa mji huo. Mpaka uliwagawa watu wa ukoo mmoja, na kila upande ulisimuliwa vita na mtawala wake.

Katika Vita Kuu ya Pili, Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza Dar es Salaam 1923, lilikuwa bado likitoka, na Baraza lilianzishwa Nairobi 1939. Habari zilipita mikononi mwa wakaguzi kabla ya kuchapwa. Kwa hiyo mtafiti asome hata kimya cha gazeti. Mathalan, tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, wakiwamo askari wengi wa Afrika Mashariki. Mwenye mfululizo kamili wa matoleo aweza kuuliza: habari hii ilitajwa lini, na kwa maneno gani? Mwenye vipande hawezi.

3. Faida kwa mtaalamu wa lugha

Vita viliingiza au kueneza msamiati: manowari, eropleni, Keya, Kariakoo, kifaru nacho kikapata maana ya gari la vita. Tarehe iliyo juu ya ukurasa hutuwezesha kuona neno lilipoanza kuandikwa na lilipozoeleka. Aidha, Kiongozi ni la kabla ya kazi ya usanifishaji iliyoanza 1930, na Baraza ni la baada yake. Kuyalinganisha ni kuiona tahajia ikibadilika.

Lakini Mkwiro husema Kichifundi, lahaja ambayo H. E. Lambert aliieleza katika kitabu chake cha 1958. Wenyewe huiita Chichifundi, na jina hilo tayari laonyesha tofauti ya kiambishi na Kiswahili cha magazeti. Gazeti lilisomwa na mmoja na kusikilizwa na wengi. Je, msikilizaji aliye baharia, mwenye maneno yake ya vyombo na pepo, alilipokeaje neno la Nairobi? Jibu la swali hilo halimo katika karatasi.

4. Njia ya kukusanya

Kwanza, iandikwe mahali gazeti lilipopatikana: sandukuni, msikitini au dukani. Pili, ukurasa usikatwe. Matangazo, bei na barua za wasomaji huonyesha vita ilivyoingia majumbani. Tatu, karatasi ya gazeti ina asidi, hugeuka manjano na kuvunjika, na unyevu wa pwani na mchwa huharakisha uharibifu. Ilazwe bapa gizani, wala isibandikwe utepe wa gundi. Nne, mwenyewe aombwe ridhaa. Asipopenda kulitoa, lipigwe picha na kuachwa kwake, kwani ni urithi wa nyumba ile. Tano, lisomwe kwa sauti mbele ya wazee, na maneno yao yarekodiwe kwa lahaja yao.

5. Hitimisho

Waliolisoma Baraza la 1939 wakiwa watu wazima wamekwisha kututoka. Waliobaki ni wana na wajukuu waliosimuliwa. Karatasi ikitunzwa vyema yaweza kungoja miaka mingine kumi; wazee hawa hawawezi. Basi kazi ianze kwao.