Kompyuta Zilizoachwa Bila Viraka

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikoma kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10, mfumo endeshi uliotolewa mwaka 2015 na ambao hadi siku ile ulikuwamo ndani ya kompyuta nyingi za ofisi, shule na zahanati zetu, tangu Kibiti mjini hadi visiwa vya delta. Siku ya pili yake kompyuta hizo ziliwaka kama kawaida. Barua zilichapwa, taarifa zilitumwa, wala hakuna aliyesikia kishindo. Kwa sababu hiyo wengi wetu tumelichukulia jambo hili kuwa ni habari ya Ulaya na Amerika, isiyomhusu mkazi wa Salale, wa Maparoni wala wa Kiongoroni. Sisi tunaona kwamba linamhusu sana, na tunawaomba wananchi na watendaji wa Serikali watuvumilie tulieleze.

Mfumo endeshi ni ile programu ya msingi inayoamka kwanza mashine inapowashwa, kisha ikazigawia kazi programu nyingine zote. Hakuna mfumo wa namna hii uliotoka kwa waundaji wake ukiwa mkamilifu. Kila mwezi hugunduliwa matundu ambayo mwizi anaweza kupenya, na kila mwezi waundaji hutoa viraka vya kuyaziba. Msaada ukikoma, matundu yanaendelea kugunduliwa lakini viraka havitoki tena. Tena kuna ubaya mwingine usioonekana upesi. Windows 11, mfumo uliokuja kushika nafasi ya Windows 10, umejengwa kwa mbao nyingi zilezile za mwenzake. Kwa hiyo kila kiraka kinachotolewa kwa ajili ya ule mpya humwonyesha mwizi mahali pa kuchokonoa katika ule wa zamani.

Mtu wa delta hahitaji mtaalamu wa kumfundisha haya. Mashua iliyokalafatiwa vizuri na kupakwa deheni haizami siku ile fundi wake anapoiaga dunia. Itakwenda Nyamisati na kurudi, itabeba nazi na mchele, na abiria watalala usingizi. Lakini pamba hulegea kidogo kidogo baina ya ubao na ubao, na nahodha mwenye akili hangoji aone maji kwenye nyayo zake ndipo amtafute fundi mwingine.

Basi ndani ya kompyuta hizo mna nini hata tuhangaike hivi? Katika zahanati mna majina ya akina mama waliohudhuria kliniki, na ya wagonjwa wanaotumia dawa ambazo pengine hawajawaambia hata wenzi wao. Katika shule mna majina na alama za watoto. Katika ofisi za vijiji na kata mna orodha za kaya maskini, leseni za wavuvi, mihtasari ya mabaraza ya ardhi. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipofunika mashamba na nyumba za watu katika Rufiji na Kibiti, kila aliyetaka kusaidia aliuliza kwanza: orodha iko wapi? Tulipokuwa watoto chuoni, mwalimu wetu wa Kurani alitufundisha kwamba amana si fedha tu. Hata siri ya jirani uliyoisikia kwa bahati ni amana. Bunge letu nalo limelisema hilo kwa lugha ya sheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka kila anayekusanya taarifa za watu azilinde. Haikusema kwamba ofisi iliyo kisiwani imesamehewa.

Hivi karibuni tulifika katika ofisi moja ya kisiwani, ambayo hatutaitaja. Tulimkuta karani kijana, mchapakazi, mashine yake ikiendeshwa kwa umeme wa jua. Tukamwuliza, "Ndugu, mashine hii ilitiwa viraka lini mara ya mwisho?" Akacheka. "Kiongozi, viraka hula bando lote la mwezi kwa usiku mmoja. Fundi alivizima siku ileile mashine ilipoletwa." Tulipomwuliza ililetwa lini, akatujibu kwamba ni mwaka wa tano sasa.

Jibu hilo tulikaa nalo njia nzima ya kurudi, kwa sababu linageuza mambo yote tuliyokuwa tumejiandaa kuyaandika. Sisi tulikwenda kuwalaumu Wamarekani kwa kuukata msaada Oktoba 2025; kumbe katika ofisi ile msaada ulikuwa umekatwa zamani, na waliokata ni sisi wenyewe. Wala karani yule hana kosa. Bando analinunua kwa fedha yake, na hakuna kifungu cha matumizi kilichowahi kumkumbuka.

Ulimwengu umekwisha kulipa gharama ya uzembe wa aina hii. Tarehe 12 Mei 2017 ilizuka programu haribifu iliyoitwa WannaCry, ambayo iliyafunga mafaili ya watu kwa kufuli la siri kisha ikadai fidia. Kwa siku chache iliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Nchini Uingereza hospitali zilifuta maelfu ya miadi ya wagonjwa, na baadhi zikawaelekeza wagonjwa wa dharura kwingine. Watu wengi walidhani waliopatwa ni wale tu waliokuwa wakitumia Windows XP, ambayo msaada wake ulikuwa umekoma tarehe 8 Aprili 2014. Uchunguzi ulionyesha vingine. Sehemu kubwa ya mashine zilizopatwa zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati ule bado ilikuwa na msaada, na kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimetolewa tangu Machi 2017. Kilitolewa, lakini wenye mashine hawakukitia.

Tutaambiwa kwamba delta haina intaneti ya kutosha hata wezi wa ng'ambo waifikie. Hoja hii tumeisikia mara nyingi, na tunaikataa. Taarifa ya mwezi hutoka kisiwani ndani ya flashi, ikavuka na mashua, ikachomekwa kwenye kompyuta ya duka la steshenari mjini ili ichapishwe, kisha ikachomekwa ofisini wilayani, halafu flashi ileile ikarudi kisiwani. Kompyuta ya dukani hupokea flashi za kila mpita njia. Mwaka 2008 kirusi kilichoitwa Conficker kilianza kuenea duniani, na moja ya njia zake kubwa ilikuwa hiyo hiyo ya flashi. Bahari haizuii kitu kinachosafiri mfukoni.

Hapa inafaa tukumbuke kidogo historia yetu. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya fedha nyingi kupotea katika kazi ya kuweka hesabu za Serikali kwenye mashine ambazo wataalamu wake walikuwa wageni. Marufuku ile ililegezwa baadaye, na wapo vijana wanaoicheka leo. Sisi hatuicheki. Dawa ilikuwa kali kupita ugonjwa, na ilituchelewesha. Lakini swali lililoulizwa mwaka ule lilikuwa la haki: mwenye mashine akiondoka, nani ataitunza? Miaka hamsini baadaye tumepokea kompyuta za msaada, za mtumba na za mradi, tukapiga nazo picha za makabidhiano, na swali lile hatukulirudia.

Sasa tufanye nini? Njia ya kwanza ni kuhamia Windows 11, ambayo kwa mashine inayostahili haina malipo. Tatizo ni neno "inayostahili". Mfumo huo unadai kumbukumbu ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64, na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na kwa jumla mashine zilizoundwa kabla ya mwaka 2018 hukataliwa. Mafundi wa mitaani wanajua namna ya kuilazimisha iingie, na wengine wanauza nakala za wizi zilizofunguliwa kwa programu za kuvunja kufuli. Tunawaonya watendaji wasiziguse. Anayekuuzia mlango wa wizi hakosi kubaki na ufunguo.

Njia ya pili ni kununua viraka vya nyongeza. Kwa mtu binafsi Microsoft ilitangaza mpango wa hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 au bila malipo kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio ya mashine yake katika akaunti ya kampuni hiyo. Kwa taasisi bei iliyotangazwa ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, nayo huongezeka maradufu kila mwaka hadi Oktoba 2028. Mashine moja itakuwa imekula dola 427, na mwisho wa yote bado itakuwa mashine kuukuu. Tungeshauri fedha hizo zitumike kwa mashine chache tu zisizoweza kubadilishwa upesi.

Njia ya tatu ndiyo tunayoipenda zaidi, na tunajua itapingwa. Ipo mifumo endeshi ya jamii ya Linux, kama Ubuntu na Mint, ambayo hutolewa bure, hutiwa viraka kwa miaka, na hukubali kukaa katika mashine ambazo Windows 11 imezikataa. Watasema ni migumu na ni ya kigeni. Lakini mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisini zilizozungumza Kiswahili; kwa hiyo ufundi huu si mgeni kwetu kama inavyodaiwa. Na kwa kuwa mifumo mingi ya Serikali siku hizi hufunguliwa kwa kivinjari, karani anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi yake humo. Penye programu isiyokubali ila Windows, mashine hiyo na ibaki, lakini itengwe na mtandao, na flashi za mtaani zisiingie humo.

Programu ya kuzuia virusi tumeulizwa sana. Iwepo, lakini isiaminiwe peke yake; hiyo ni askari anayemjua mwizi kwa sura, na tundu la ukutani halimhusu.

Yako pia mambo yasiyohitaji dola hata moja. Viraka vya mashine zenye msaada vinaweza kupakuliwa mara moja wilayani, vikawekwa kwenye diski iliyo safi, vikapelekwa visiwani na boti ileile inayopeleka chanjo. Karani asitumie akaunti yenye mamlaka yote ya mashine kwa kazi za kila siku. Flashi ya ofisi iwe ya ofisi. Na nakala za akiba zitunzwe mahali pengine, zikiwa zimechomolewa, kwa sababu diski iliyobaki imechomekwa hufungwa na mtekaji pamoja na mashine yenyewe.

Haya yote hayawezekani kama hatujui tuna nini. Tunaiomba Halmashauri, kabla haijapitisha makisio ya mwaka wa fedha ujao, iandike daftari la kila kompyuta katika kila kata, za Mbuchi na Msala zikiwamo: mfumo wake, umri wake, na mara ya mwisho ilipotiwa kiraka. Wenzetu wa Mafia, ng'ambo ya mlango, hali yao haiwezi kuwa mbali na yetu, na daftari kama hilo lingewafaa nao. Na bando la viraka liandikwe katika makisio kama yanavyoandikwa mafuta ya boti.

Tulipoagana na karani yule wa kisiwani alikuwa ameanza kunakili mafaili yake kwenye diski aliyoazima kwa mwalimu mkuu. Orodha zote zilienea. Picha za nyaraka za ardhi za kijiji hazikuenea, na alikuwa akiandika barua kwenda wilayani kuomba diski nyingine.