Baada ya Mkanda wa Tumbo Kutolewa

Mkanda wa tumbo ni pete ya silikoni inayofungwa sehemu ya juu ya tumbo ili mtu ashibe kwa chakula kidogo. Marekani iliuidhinisha mwaka 2001, ukapendwa sana, kisha ukaanza kuachwa. Kwa wengine huteleza, kwa wengine hula ukuta wa tumbo hadi ukaingia ndani. Wapo pia wanaotapika na kusumbuliwa na kiungulia kila siku, au uzito haupungui. Ukishatolewa, njaa hurudi na kilo nazo, na hilo si ulegevu wa mgonjwa.

Upasuaji unaofuata huwa wa aina mbili hasa. Wa kwanza hukata sehemu kubwa ya tumbo na kubakiza mrija mwembamba. Wa pili hutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Mwenye kiungulia kikali kwa kawaida hushauriwa huu wa pili, kwani mrija huweza kukizidisha.

Kazi ngumu iko kwenye kovu. Mkanda huacha utando mgumu pale ulipokaa. Pini za kushonea zikipita hapo, mshono unaweza kuvuja. Ndiyo maana madaktari wengi huondoa mkanda kwanza, wakasubiri miezi mitatu au zaidi. Mkanda uliopenya tumboni hauna mjadala: lazima kusubiri. Hatari ya matatizo huzidi ile ya upasuaji wa mara ya kwanza, na vitamini B12 na madini ya chuma hufuatiliwa maisha yote.